Ongeza ya Bo

Meza ya jikoni kwa kina Hostetter ilikuwa imeshafutwa, ikafutwa tena, na sasa Rhoda alikuwa ameirudia kwa mara nyingine, wakati hakuna aliyeichafua.

"Mama, hiyo meza imekukosea nini?" akauliza Tirza.

"Kula uji wako."

"Nimeshakula. Na bakuli nimeosha. Opal nimembadilisha nepi, na kuku nimewafungulia."

Tirza alikuwa na miaka kumi na mitano, wa kwanza katika watoto saba, na kitinda mimba, Opal, alikuwa ubavuni mwake kama kawaida, ameshikwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukikusanya vijiko. Rhoda alikwenda dirishani akachungulia barabara, akarudi, akahamisha mtungi wa maua kutoka hapa kwenda pale, akaurudisha. Siku hiyo mkaguzi alikuwa anakuja, na Rhoda hakuwa na hali.

Kila mwaka, stroberi zinapoanza kuiva, watu wa jimbo lile wanaosomesha watoto wao nyumbani humwalika mkaguzi aje kupitia kazi za mwaka, aongee na kila mtoto, kisha atie sahihi. Kwa miaka yote mkaguzi wao alikuwa Bi Kauffman, bibi mmoja mnene aliyekuja na keki yake mwenyewe, akawauliza watoto majina ya ndege wa shambani, na kusaini karatasi juu ya boneti ya gari huku akisimulia habari za mgongo wake. Lakini Bi Kauffman alianguka akavunjika nyonga, akahamia kwa mwanawe, na badala yake walikuwa wamepata Bi Pruitt. Kuhusu Bi Pruitt, Rhoda alijua mambo mawili tu: alifundisha mjini miaka mingi, na hacheki.

Karatasi za wale wengine hazikumtia Rhoda wasiwasi. Karatasi ya Bo ndiyo iliyomnyima usingizi. Bo alikuwa na miaka minane, amezaliwa na hali ya Down, ile inayomchelewesha mtoto kuongea na kujifunza, na kwa mtoto kama yeye ilitakiwa sahihi ya mtu aliyesomea mambo hayo, akubali kwamba mafunzo ya nyumbani yanamtosha. Bila sahihi, Septemba Bo angepanda basi la manjano kurudi katika lile darasa la mjini.

Alishakaa humo mwaka mmoja, akiwa na miaka sita, na hadi leo Rhoda hakuweza kuuzungumzia mwaka ule akiwa amekaa, lazima ainuke. Siku nenda siku rudi mtoto alirudi na chakula chake kikiwa vilevile kilivyoondoka. Kumbe hakuweza kufungua kifuniko cha kopo, na alipoomba kwa ishara zake hakuna aliyemwelewa. Walidhani hapendi kula. Rhoda alipokuja kujua, alikwenda kumchukua katikati ya somo, akamwambia mwalimu mbele ya watoto wote, "Mtoto wangu hatakaa tena mahali ambapo haeleweki." Akaondoka naye, na tangu hapo meza ikawa ya watoto wote. Rhoda alijivunia meza ile kuliko nyumba yenyewe. Watu wa dukani walimcheka, wakamuuliza kama kwake hakuna televisheni, naye akawajibu kwamba televisheni ipo, ila hawajawahi kupata nafasi ya kukaa mbele yake.

Bo aliongea kwa mikono. Alipokuwa na miaka miwili, Rhoda aliazima kitabu cha ishara maktaba, akajifunza yeye, akawafunza wote. Ishara ya kwanza ilikuwa *ongeza*. Kitabuni vidole vyote hukusanywa, kisha ncha za mikono miwili hugongana. Vidole vya Bo, vifupi na laini, vilikataa kukusanyika. Akatumia viwili tu, cha shahada cha kila mkono, akavigonganisha. Nyumba nzima ilishangilia siku ile, Lowell, baba yao, akamrusha juu hadi karibu na dari, na tangu hapo hakuna Hostetter aliyefanya *ongeza* ya kitabuni. Walikuwa na ongeza ya Bo. Hata wageni walipotaka viazi zaidi waliambiwa wagonganishe vidole viwili.

Asubuhi hiyo Bo alikaa mbele ya uji wa shayiri bila kuugusa. Wiki nzima alikuwa hivyo. Usiku hakulala, mchana alitafuna mkono wa shati lake hadi ukalowa, na juzi alimtupia kaka yake Asa kiatu, Asa ambaye anampenda kuliko wote. Rhoda alijua sababu, au alijiambia anajua. Tangu mkaguzi apange siku, alikuwa amewakimbiza watoto hawa kama farasi wa mashindano, amevuruga ratiba, na Bo ni mtoto wa ratiba. Kosa ni la mkaguzi, na la hofu. Likipita litapita.

Bo akainua mikono karibu na mdomo. Vidole viwili, vikagongana, vikajizungusha kidogo.

"Haya, angalau umesema," Rhoda akasema kwa furaha, akamwongezea uji na sukari guru juu yake.

Bo akalisukuma bakuli. Likaenda sakafuni, uji ukatapakaa mpaka kwenye viatu vya mdogo wake Silas.

"Umeomba mwenyewe, bwana mdogo!"

"Mama," Tirza akasema, "labda hataki—"

"Tirza, ufagio. Na kitambaa. Mgeni huyo anafika."

Tirza akaenda kuchukua ufagio.

Simu ikalia. Alikuwa Lowell, yuko shamba la watu anatengeneza mashine za kukamulia ng'ombe.

"Kaa chini, Rhoda," akasema, hata kabla ya salamu.

"Nimekaa."

"Nasikia unatembea."

"Bo amemwaga uji. Hajalala. Akimwona hivi atasema nimeshindwa."

"Atasema ni mtoto amemwaga uji. Na wewe si ndiye unayewajua? Mweleze."

"Ndiyo," Rhoda akasema, akageuka kwenye korido akarudi. "Hakuna anayewajua kama mimi."

Bi Pruitt alifika kwa saa yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, nywele za kijivu zimekatwa kama za mvulana. Aliomba kahawa isiyo na maziwa, akakaa mwisho wa meza, akafungua majalada ya watoto, moja baada ya jingine, akisoma kweli. Bi Kauffman hakuwahi kusoma. Rhoda alisimama nyuma ya kiti, akakaa, akasimama.

"Bi Hostetter, unaweza kukaa."

"Nipo sawa hivi hivi."

Asa aliitwa. Miaka kumi na miwili, ana usonji, na kichwani mwake kuna hali ya hewa ya jimbo zima. Hakumtazama Bi Pruitt usoni. Alitazama dirisha lililo nyuma yake.

"Habari za leo, Asa? Naona kumependeza nje."

"Hakujapendeza. Mchana mvua itanyesha na umeacha kioo cha gari wazi."

Bi Pruitt akainuka, akaenda kufunga kioo cha gari, akarudi. "Ahsante," akasema. "Ulijuaje habari ya mvua?" Asa akamweleza kwa urefu, mawingu, kipimo cha hewa alichokitengeneza kwa chupa, upepo wa magharibi, na Rhoda akaona kalamu ya yule mama inaandika, inaandika. Wadogo zake mapacha wakasoma shairi kwa zamu, mmoja akamsahihisha mwenzake, wakapigana mateke chini ya meza. Silas, mwenye miaka mitano, aliulizwa kitu kimoja alichojifunza mwaka huu.

"Kuku akikatwa kichwa bado anakimbia," akasema. "Lakini hafiki mbali."

Kona ya mdomo wa Bi Pruitt ikacheza. Rhoda akavuta pumzi ya kwanza ya maana tangu alfajiri. Sasa mambo yalikuwa yanakwenda, na pumzi ile ikampa mdomo.

"Unajua, mjini mwalimu mmoja ana watoto darasa zima," akasema. "Hawezi kumjua kila mmoja. Mimi najua hata kikohozi cha nani kinatoka chumba gani. Bo haongei kwa mdomo, lakini hajawahi kuniambia kitu nisikielewe."

Tirza, aliyekuwa mlangoni na Opal, akainamisha kichwa.

"Basi tumwone Bo," akasema Bi Pruitt.

Bo alikuwa na onyesho lake, na lilikuwa zuri. Yeye ndiye aliyeokota mayai ya nyumba hiyo, akayaosha, akayapanga kwenye trei akihesabu mpaka kumi na mbili kwa vidole, na akipasua moja hulizika bustanini kwa heshima zote. Walilifanyia mazoezi wiki nzima. Trei ikawekwa mbele yake. Bo akashika yai la kwanza, akaliweka. La pili akalishika, akaliangalia, akalirudisha. Akaanza kujipembeza mbele na nyuma. Akatafuna mkono wa shati. Akalia, kilio cha chinichini kisicho na machozi.

"Bo, mpenzi. Mawili. Halafu?"

Mikono ikaenda juu karibu na mdomo. Vidole viwili vikagongana.

"Anaomba kitu cha kula," Rhoda akasema haraka, akachomoa biskuti ya chumvi mfukoni. "Tunampa kidogo akiwa anafanya kazi. Haya, Bo, ongeza." Akamtia mdomoni. Bo akaitema, akapiga trei kwa mkono, mayai mawili yakavunjika, na vidole vikarudi palepale, vinagongana, vinajizungusha, vinagongana.

"Anasema nini?" akauliza Bi Pruitt. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Ongeza. Ni ishara yake. Kwa sababu ya vidole vyake, hawezi ile ya—"

"Mimi nimefundisha watoto viziwi miaka thelathini, Bi Hostetter. Hiyo si ongeza."

"Kwa wenzako si ongeza. Kwa Bo ni ongeza. Humu ndani sote tunaifanya hivyo, muulize yeyote."

"Ongeza hufanywa mbele ya kifua. Yeye anaifanya wapi?"

"Mdomoni, kwa sababu anataka kula!"

"Si mdomoni. Mtazame. Shavuni. Shavu la kushoto." Bi Pruitt akaelekeza vidole vyake viwili vya shahada, kimoja kikikabili kingine, akavisokota karibu na shavu lake mwenyewe. "Hivi ni *inauma*. Na mahali unapoifanya ndipo panapouma."

"Bo hajui inauma," Rhoda akasema. Damu ilikuwa imempanda usoni. "Sijawahi kumfundisha. Kitabu nilichosoma hakikuwa na hiyo. Samahani, lakini umekaa naye dakika kumi, mimi nimekaa naye miaka minane, na kama—"

"Mimi nilimfundisha."

Wote wakageuka. Alikuwa Tirza, amesimama mlangoni, Opal amemng'ang'ania shingo.

"Nilimfundisha mimi," akarudia, sauti ndogo. "Wakati wa theluji, Asa alipoteleza. Nilitazama video. Nilimwambia, Bo, ukiumia fanya hivi, uifanye pale panapouma. Akajua siku hiyohiyo. Nikaona inafanana na ongeza yake, nikaogopa atachanganya." Akamtazama Bo. "Hakuchanganya yeye."

Rhoda akapiga magoti mbele ya Bo. Alitaka kumwambia mkaguzi kwamba si kweli, na mkono wake wakati huohuo ulikuwa umeshashika kidevu cha mtoto. "Fungua, mpenzi. Aaa." Bo akakaza mdomo. Rhoda akaimba ule wimbo wa kupiga mswaki, na Bo, ambaye hakuwahi kuukatalia wimbo huo, akafungua. Nyuma kabisa, kushoto, fizi ilikuwa imevimba kama zabibu, na harufu iliyotoka humo ilimwambia yaliyobaki.

Bo akamwangalia mamake, akafanya tena vidole vyake shavuni, polepole sasa, kama mtu anayemrudia mwanafunzi mzito.

Wiki nzima. Wiki nzima mtoto alikuwa akimwambia inauma, naye anamjazia kijiko, kijiko kinagusa palepale, na akikitema anaitwa mkorofi. Kule mjini walimnyima chakula kwa kutomwelewa. Yeye alimlisha kwa kutomwelewa. Rhoda alitamani ardhi impasukie hapo kwenye sakafu ya jikoni, mbele ya mgeni, lakini sakafu ilikuwa imara, Lowell aliitengeneza mwenyewe.

"Tirza, funguo," akasema. Akapiga simu kwa daktari wa meno akiwa bado amepiga magoti. Wakamwambia amlete sasa hivi. Ndipo alipokumbuka kuna mtu mwisho wa meza na kalamu. Akainuka, akamgeukia.

"Andika unachotaka kuandika," akamwambia. "Mimi naondoka."

"Nenda. Niachie hawa wengine."

"Wote hawa? Na kachanga?"

"Nimewahi kuachiwa wanane, na mmoja alikuwa anauma."

"Anauma wapi?" akauliza Silas.

"Anauma watu," akasema Bi Pruitt, akampokea Opal kutoka mikononi mwa Tirza.

Gari la kina Hostetter lilikuwa lile jeupe refu la viti kumi na tano, ambalo jirani zao waliliita basi la Hostetter. Siku hiyo lilikuwa na watu watatu na lilionekana limehamwa. Tirza alikaa nyuma na kichwa cha Bo mapajani. Mvua ya Asa ikaanza kabla hawajafika barabara kuu. Rhoda aliendesha kwa kasi, akapunguza, akaongeza, akazungumza peke yake, akanyamaza, akagonga usukani kwa kiganja kwenye kila taa nyekundu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimweleza Bo kila kitu kabla ya kukigusa, akampiga sindano ya ganzi, akaling'oa jino, na Rhoda alimshika mtoto mkono mwanzo mpaka mwisho bila kusimama hata mara moja. Usaha ulikuwa mwingi. Daktari alisema wangechelewa kidogo ingekuwa habari nyingine. Halafu akawaambia wangoje kidogo waone kama damu inakata, na Bo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akalala usingizi mzito kwenye kiti kirefu cha chumba cha kungojea, kitambaa mdomoni, mguu mmoja juu ya mapaja ya mamake.

Rhoda na Tirza wakakaa wamemweka katikati. Kulikuwa na televisheni ukutani, mtu anapika kitu, hakuna aliyeitazama.

"Ulisema ulimfundisha wakati wa theluji," Rhoda akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Siku hiyohiyo. Ulikuwa kwenye simu na watu wa bima. Nikasema, Mama, Bo amejifunza ishara mpya. Ukanyoosha kidole, hivi. Ngoja."

"Halafu?"

"Halafu nikangoja."

Tirza hakulisema kwa hasira. Kama angelisema kwa hasira Rhoda angejua la kufanya, angemkemea au angejitetea. Watoto saba, simu ya bima, maziwa jikoni yanachemka. Lakini msichana alilisema kama mtu anayetaja saa. Rhoda akatazama viatu vyake, akaona ameondoka nyumbani na ndara za bafuni.

"Nisamehe," akasema. Tirza akaitikia kwa kichwa. Mpishi wa ukutani akaonja mchuzi wake. Rhoda akafikiri yameisha, na kwa kweli alitaka sana yaishe, lakini akamgeukia tena.

"Tirza. Kuna lingine?"

"Lingine lipi?"

"Ambalo nilikuambia ngoja."

Tirza akarekebisha kitambaa cha Bo ambacho hakikuhitaji kurekebishwa.

"Nataka kwenda shule," akasema. "Shule kabisa. Ile ya mjini. Septemba."

"Umechoka tu, mwanangu, wiki hii ime—" Rhoda akaanza, na hapohapo akajisikia. Alijisikia akichota uji na kuujaza kwenye kijiko. Akafunga mdomo kwa nguvu hata meno yakagongana. "Endelea," akasema. "Nasikiliza."

"Hutakasirika?"

"Huenda nikakasirika. Wewe endelea."

"Si kwamba sipendi nyumbani." Sasa yalikuja kwa kasi, kama yalikuwa yamepangwa mlangoni. "Nawapenda wote. Nampenda Bo kuliko mtu yeyote. Ila nataka maabara yenye moto na chupa, si ile ya siki na magadi. Nataka mwalimu asiyenijua. Nataka nikikosea nikosee mbele ya watu wa rika langu. Na nataka..." Akazipapasa nywele za Bo. "Nataka nikae mahali ambapo nikisikia mtu analia, si kazi yangu."

Rhoda alisikia maneno yale ya mwisho yakiingia, moja moja, na yote yalipata mahali. Aliona mkono ule mmoja ulioshika vijiko na ule mwingine ulioshika mtoto. Aliwahi kujisifu kanisani kwamba Tirza ni mkono wake wa kulia. Hakuwahi kumuuliza kama mkono huo unapenda kazi hiyo.

"Basi la manjano linapita saa kumi na mbili na nusu asubuhi," akasema, kwa kukosa la kusema.

"Mimi huamka kabla ya hapo."

"Najua," Rhoda akasema. Hapo machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Tirza akanyoosha mkono juu ya Bo aliyelala, akamshika begani, na kwa sababu ni Tirza akampa pia kitambaa.

Walipofika nyumbani mvua ilikuwa imekatika. Jikoni mayai yote yaliyosalimika yalikuwa yameoshwa. Mapacha walikuwa wamelala kwenye zulia, Opal amelala kifuani kwa Bi Pruitt akimtiririshia mate kwenye shati lake zuri, na Asa alikuwa anamsomea mgeni viwango vya mvua vya mwezi wa tano, kimoja kimoja, naye anasikiliza au anajifanya kusikiliza vizuri sana. Bo aliingia, akaenda moja kwa moja kwa Bi Pruitt, akamfungulia mdomo amwonyeshe pengo.

"Limetoka!" akasema Bi Pruitt. Kisha akasema hivyohivyo kwa mikono, na Bo akaitazama mikono ya mgeni kwa macho makubwa.

Rhoda hakukaa. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Haya," akasema. "Niambie."

"Kuna mama mmoja nilikuwa nafanya naye kazi. Atakuja kila Alhamisi, atawafundisha ishara nyumba nzima, si Bo peke yake. Ukikubali hilo, natia sahihi."

"Baada ya uliyoyaona leo?"

"Nimeona ukiambiwa umekosea. Ulibisha kidogo, halafu ukamfungua mtoto mdomo. Nimefanya kazi na walimu waliobisha mpaka likizo." Akavuta jalada la Bo, akasaini, kalamu haikusita. Ilikuwa ndiyo sahihi aliyoililia Rhoda mwaka mzima, na aliitazama ikikauka huku moyo wake ukiwa umeshatangulia kwenye karatasi inayofuata.

Bi Pruitt akafungua jalada la mwisho, nene kuliko yote. "Tirza. Hapa sina la kuuliza, hizi alama zinajieleza." Akaandika kidogo. "Mwakani anaendelea hapahapa nyumbani, siyo?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Hata mkaguzi alishaanza kuiandika.

"Muulize mwenyewe," Rhoda akasema.

Kalamu ikasimama. Tirza akamtazama mamake kwanza, kama alivyofanya maisha yake yote, akitafuta usoni pake jibu linalotakiwa ili alitoe. Rhoda alimjua kwa hilo. Akageuka akampa kisogo, akatazama dirishani, asije akamwonyesha chochote.

"Naenda shule," Tirza akasema nyuma yake.

Asa akaacha kusoma mvua zake. Kisha Silas, ambaye alikuwa chini ya meza na hakuna aliyemkumbuka, akatoa kichwa.

"Kwani Tirza akienda shule, nani atanifunga viatu?"

Tirza akajikuta ameshainama, mkono umeshanyooka kuelekea kamba za viatu vya mdogo wake.

"Mwache," Rhoda akasema. Aligeuka, uso umelowa, akaketi sakafuni na ndara zake, akamvuta Silas mapajani. "Njoo. Utajifunga mwenyewe. Leo nakufundisha."